Kupiga Magoti Mbele ya Kamera

Kila kundi jipya linapoingia, wananisimamisha mbele. Kituo chetu ni chumba kirefu nyuma ya soko la Nateete, hapa Kampala, kina meza za kukunja, nyaya zilizotapakaa sakafuni na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Sisi wakimbizi tunasomea hapo shahada kwa mtandao, katika chuo kilicho nchi ya mbali ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona geti lake. Mratibu wa kituo, mama mpole asiyejua kumkatalia mtu, huniambia, "Dada, waeleze wageni hawa mambo ya mwaka wa kwanza. Wewe wanakusikia." Wananisikia kwa sababu mdomo wangu hauna breki.

Basi nawaeleza. Nawaambia mwalimu wa mtandaoni hakuoni ukisinzia, wala hatakuja kukuulizia kwa jirani ukipotea. Utapotea na darasa litaendelea kana kwamba hukuzaliwa. Wasingoje siku ya mwisho kutuma kazi, maana siku ya mwisho ndiyo siku umeme wa Nateete unapoamua kwenda zake. Waandike kwenye jukwaa la majadiliano hata kama Kiingereza chao kinachechemea, kwa sababu anayenyamaza kule anahesabiwa hayupo. Na wasinakili kazi ya rafiki, hata rafiki awe na roho nzuri namna gani. Safari moja baba mmoja mtu mzima aliniuliza kama akichelewa anaweza kumpigia mwalimu simu amwombe radhi. Nikamwambia, baba, mwalimu yupi? Simu ipi? Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka, lakini niliona ameingiwa na hofu.

Halafu lazima atokee wa kuuliza habari za mitihani. Kamera inaona nini? Inasikia? Mtoto akilia je? Hapo huwa nafupisha. Nawaambia watafute chumba chenye mlango, waufunge, asiingie mtu, na kama hawana chumba waanze kukitafuta leo. Mratibu huinamisha macho, kwa sababu yeye anajua. Wageni wanaandika, tunaendelea na mambo mengine.

Mimi nilitoka Bukavu, Kongo, nikiwa msichana, sekondari nimeiacha katikati. Kampala ilinifundisha kushona kabla ya kunifundisha kitu kingine chochote. Nikaolewa na Muganda, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache, na kwa ndoa hiyo nikapata mama mkwe.

Siku ya kwanza kumwona mama huyo nilimsalimia kama tulivyolelewa kwetu: nilisimama wima, nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto nikaushikia kiwiko. Kwetu mkubwa akiingia unainuka. Ukibaki chini umemdharau. Yeye aliutazama mkono wangu, akautazama tena, akaupokea kama mtu anayepokea samaki ambaye hakumwagiza. Mawifi zangu walivunjika mbavu huko jikoni. Kwa Waganda mke wa mtoto anapiga magoti, anashuka mpaka chini kabisa, na salamu si neno moja. Unauliza wameshindaje, wanaguna, unaguna, unauliza habari za kazi, wanakushukuru, unawashukuru, na muda wote huo magoti yapo sakafuni. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimwambia mume wangu kwamba mimi napiga magoti kanisani tu. Lakini mama yule hakuwahi kunisema hata siku moja. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja akakaa na mimi, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia, akafua nguo ambazo hata mama yangu mzazi angezishika kwa vidole viwili. Asubuhi moja wakati huo akaingia na uji, na mimi nikajikuta niko chini. Hakuna aliyeniambia. Tangu siku hiyo magoti yangu yakawa yanashuka yenyewe, kichwa kikifuata nyuma.

Nafasi ya chuo niliipata nikiwa na watoto wawili na mvi mbili tatu. Afya ya jamii. Nililia, mume wangu akanunua soda, mama mkwe akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Masharti yalikuwa wazi: ukianguka mtihani mmoja tu mwaka wa kwanza, ufadhili unakatwa na kiti chako anapewa mwingine aliye kwenye foleni. Na foleni ya wakimbizi wanaotaka kusoma Kampala, wee, acha tu. Nilijua nikitoka hapo sirudi. Wa umri wangu harudi.

Mwaka huohuo mama mkwe alianza kuumwa tumbo. Akahamia kwetu ili awe karibu na hospitali ya Mulago, na chumba chetu kimoja tukakigawa kwa pazia: sisi na watoto upande huu, yeye upande wa dirisha, palipo na hewa. Mwanzoni alikuwa anatembea vizuri tu. Aliwaosha watoto, akachambua maharage, akinitazama nikisoma kwenye kompyuta iliyokaa juu ya meza ya cherehani. Hakujua kusoma. Lakini nikifunga kompyuta kabla ya muda wangu kuisha alikuwa ananiuliza, "Umemaliza?" kwa sauti ileile aliyoitumia kuwauliza watoto kama wamemaliza chakula.

Siku ya mtihani wa kwanza nilijipanga kama mtu anayepanga harusi. Watoto niliwapeleka kwa jirani, Mkongo mwenzangu anayesuka nywele kibarazani kwake. Mume wangu alikwenda kazini. Mama alikuwa na miadi Mulago, na anayejua foleni za huko anajua ukienda umekwenda, utarudi jioni. Nikaingia mtandaoni. Programu ya kusimamia mtihani ikanitaka nizungushe kamera chumba kizima: chini ya meza, nyuma ya pazia, hata darini. Ikanisomea masharti. Uso usitoke kwenye picha. Asiingie mtu. Yasisikike mazungumzo. Nikakubali yote, nikaanza, na kwa kweli maswali niliyaona mepesi. Nilifurahi. Nilikuwa najibu huku natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mama. Hatukuwa na kufuli la ndani. Komeo lilikuwa limekatika na fundi wa vyuma ndiye mume wangu, na mnajua nyumba ya fundi ilivyo. Alisimama mlangoni na mkoba wake mweusi ameukumbatia kifuani. Sikuwaza kompyuta. Sikuwaza chuo. Magoti yalikwishashuka.

"Kulika, maama," nikasema, kumpa pole ya kutoka safari.

"Awo, mwana wange," akaitikia.

Nikamuuliza mbona amewahi. Hapo ndipo alipovuta pumzi, akaniambia wamemwita mapema, hakukaa foleni. Daktari amezungumza naye vizuri, amemshika mkono. Wamesema asihangaike tena kwenda, akapumzike nyumbani, hakuna walichobakiza cha kumfanyia. Aliyasema hayo yote akiwa bado amesimama, na mimi bado niko chini nimemtazama kwa kumwinulia shingo. Kisha akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Sijui ilikuwa kwa muda gani. Jikoni kwa jirani mtu alikuwa anaosha sufuria.

Ndipo akaiona kompyuta. "Ulikuwa unasoma? Nimekukatiza?"

"Ni mtihani, maama."

"Bambi, maskini! Basi sisemi tena. Rudi, rudi." Akaziba mdomo kwa kiganja, akanipita akinyata, akaenda kukaa nyuma ya pazia. Nikainuka. Kioo kilikuwa chekundu na maandishi katikati: mtihani wako umesimamishwa. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nyuma ya pazia mama alikuwa ametulia tuli, anajizuia hata kukohoa, ili nifanye mtihani ambao haukuwepo tena. Na mimi sikuweza kumwambia. Nilikaa nikigonga herufi ovyo ovyo ili asikie ninaandika, machozi yakinidondokea kwenye kibodi.

Barua pepe ya chuo ilikuja baada ya siku chache. Ilisema mtahiniwa alitoweka kwenye picha, na sauti ya mtu wa pili ikasikika ikimpa mtahiniwa taarifa kwa lugha isiyotambulika. Lugha isiyotambulika! Kiganda, ambacho ukishuka tu hapo stendi ya Nateete kinakujaa masikioni! Nilitakiwa kujieleza mbele ya kamati, kwa maandishi.

Nikaandika kwamba nilipiga magoti kumsalimia mama mkwe. Nikaisoma sentensi hiyo kwa Kiingereza, nikaona kabisa inafanana na uongo. Wakaniuliza, kwa adabu sana, kwa nini sikumsalimia nikiwa nimekaa kitini. Nilikaa kwa mratibu nikaandika jibu refu ambalo lilikuwa na matusi ya Bukavu yaliyotafsiriwa vizuri. Mratibu alilisoma, akasema, "Dada, hili tuliweke kando," akalifuta lote, tukaandika jingine. Tulieleza desturi. Tulieleza kwamba mtoto wa kike anayebaki kitini mkwewe akiingia, na hasa akiingia na uso ule, amemtukana mbele za watu hata kama watu hawapo. Wakajibu kwamba wanaheshimu tamaduni zote. Hata hivyo wanahitaji tafsiri ya kila neno la ile sauti ya pili, iliyofanywa na mfasiri anayetambulika asiye ndugu yangu. Wakaambatisha kipande cha sauti.

Nilikwenda Wandegeya, kwenye vile vyumba vya kuchapa na kufunga vitabu vya wanafunzi, ghorofani kwa mfasiri mmoja aliyevaa tai. Mtu safi, mwenye haraka. Akavaa spika za masikioni, akaanza. Anasikiliza, anasimamisha, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Mimi nilikuwa sisikii kitu, naona tu vidole vyake, na kwa kila alipobonyeza nilijua mama amesimama tena pale mlangoni na mkoba wake. Chini mashine za kunakili zilikuwa zinanguruma. Baadaye akavua ile ya sikio moja.

"Hapa katikati kuna mahali hasemi kitu, parefu kidogo," akasema. "Niandike nini?"

"Andika hasemi kitu."

"Kwa kawaida tunaweka 'kimya' kwenye mabano."

"Weka basi! Weka kwenye mabano!" Nilipiga kelele, ndiyo, nilimpigia kelele mtu ambaye hakunikosea. Alinitazama. Nadhani ndipo alipoelewa alichokuwa anakisikiliza, kwa sababu hakuharakisha tena. Alipomaliza alisimama kunikabidhi karatasi, akasema pole sana, nnyabo, jina la heshima kwa mwanamke. Nilishuka ngazi nikiwa nimeishika ile karatasi mbali na mwili.

Kamati iliipokea. Walisikitika kwa hali yangu, waliandika, na wameridhika kwamba mazungumzo hayakuhusu mtihani. Walinipa nafasi ya kuufanya tena, mara hii tu, kwa sharti kwamba nihakikishe hakuna mtu mwingine chumbani. Nikikiuka, uamuzi utakuwa wa mwisho.

Hakuna mtu mwingine chumbani. Mama wakati huo alikuwa hainuki tena. Amekwisha, amebaki macho na sauti. Chumba chetu kilikuwa chumba chake cha kufia, na mtu yeyote asiniambie ningemhamisha, maana hata kumgeuza ubavu alikuwa anauma meno. Kituo nacho siku hiyo kilikuwa kimefungwa. Nikamwendea mchungaji wetu, akanipa stoo ya kanisa, mnapowekwa ngoma za kwaya na viti vibovu. Ilikuwa na mlango wa chuma na komeo la ndani. Mume wangu akasema yeye atakwenda Masaka kumchukua dada yake mkubwa, kwa sababu ameona muda umefika. Aliondoka alfajiri ya siku ya mtihani.

Kwa hiyo mama nilimwacha na jirani. Nilimwambia jirani, nisikufiche, naogopa. Akasema, "Dada, unaenda mtaa wa pili tu. Mimi nipo. Nenda kafanye hayo mambo yako yaishe." Nikaingia nyuma ya pazia kuaga. Mama alinisikia nashuka chini, akafumbua macho.

"Leo usinisalimie sana," akasema. "Utachelewa." Alikuwa anatania, ananitania mimi, katika hali ile. Nikamshika mkono, ulikuwa mwepesi na wa moto. Nikamwambia nitarudi sasa hivi. Akasema, "Maliza kwanza."

Stoo ilikuwa na joto na harufu ya ngozi za ngoma. Nilizima simu nikaiacha nje kwenye mfuko, kama masharti yanavyotaka. Nilizungusha kamera: ngoma, viti, ukuta, mlango na komeo lake. Ikakubali. Nikaanza. Nilikuwa na woga wa kutikisika. Hata jasho nililiacha litiririke kwenye macho nisije nikainamisha uso. Maswali yalikuwa mengine kabisa lakini niliyaweza. Niliyaweza vizuri, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Nikajibu la mwisho, nikatazama juu ya kioo, nikaona muda bado upo, mwingi.

Sasa, kuna kitu ambacho kila mwalimu huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kimeandikwa hata kwenye maelekezo ya chuo: usitoke mapema, tumia muda wote uliopewa, rudia kusoma majibu yako. Nilikuwa nimekwishaponzwa mara moja. Nikasema moyoni leo sikosei kitu. Nikarudi swali la kwanza. Nikasoma taratibu, nikarekebisha herufi hapa, koma pale. Hakuna jibu hata moja nililolibadilisha. Nilisoma yote mpaka mwisho, muda ukaisha wenyewe, mtihani ukajifunga.

Nilipowasha simu ilitulia tu. Hakuna aliyenipigia. Nikashukuru Mungu, nikapita dukani nikamnunulia mama maziwa, nikaenda polepole, nikisalimia watu njiani. Kwa mbali nikaona viti vimetolewa nje ya mlango wetu. Wanawake wawili wa mtaani walikuwa wanakunja pazia.

Jirani alinipokea pale nje, akanishika mabega yote mawili. Nilimuuliza kwa nini hakunitumia mtu, nilimuuliza kwa ukali, nikamtikisa. Mtaa wa pili tu! Ulisema mwenyewe ni mtaa wa pili tu! Hakukasirika. Alisema alitaka kuja mwenyewe lakini mama alimkataza, alimshika nguo, akasema asisumbuliwe, wataufunga tena mtihani. Akasema mwishoni alikuwa haulizii maji wala haulizii mwanawe. Kila baada ya muda alikuwa anauliza jambo moja: "Amemaliza?"

"Nikawa namwambia bado," jirani akasema. "Nilimwambia bado kidogo, mama, anamaliza sasa hivi. Dada, ningemwambia nini? Si ulikuwa bado?"

Nilifaulu mtihani ule, na mingine yote ya mwaka ule. Mume wangu aliporudi na dada yake aliniuliza kama niliweza kumaliza, nikamwambia ndiyo, akasema mama angefurahi. Jirani sijamwambia mpaka leo kwamba wakati ule nilikuwa nimekwisha kumaliza.